Kutoka Entebbe: Uganda Airlines, Kenya Airways au Ethiopian?

Ninakata tiketi katikati ya Kampala, na karibu kila siku mtu huketi mbele ya meza yangu na swali lile lile. Leo ni mfanyabiashara wa Kikuubo anayefuata mzigo Dubai, kesho ni mama kutoka Arua anayekwenda London kumlea mjukuu, keshokutwa ni kijana aliyepata chuo nje. "Mzee, nipande ya kwetu, KQ (yaani Kenya Airways), au Ethiopian?" Anayelijibu swali hilo kwa neno moja anataka kuuza tiketi tu. Mashirika haya matatu yanaendeshwa kwa namna tatu tofauti, na namna hiyo ndiyo itakayoamua kama utafika kwa wakati au utalala kwenye kiti cha uwanja wa ndege.

RwandAir inayopitia Kigali ina wateja wake, na mashirika ya Ghuba pia. Nimeyachagua haya matatu kwa sababu ndiyo yanayowachanganya watu wengi zaidi, na ukishaielewa hesabu yake, hayo mengine utayapima mwenyewe.

Vipimo ninavyotumia

Vipo vinne. Cha kwanza ni njia: ndege inakwenda moja kwa moja au utashuka na kupanda nyingine? Cha pili, ndege yako ikiharibika asubuhi ya safari, shirika lina nyingine ya kukuchukua? Cha tatu ni mzigo. Cha nne ni pesa yote itakayotoka mfukoni mpaka ufike mlangoni unakokwenda, maana bei iliyoandikwa kwenye tiketi ni sehemu tu ya pesa hiyo. Chakula na filamu za ndani ya ndege siviweki humu. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kwangu akilia kwa sababu ya kuku.

Yalikotoka

Ukitaka kujua kwa nini yako tofauti, anza na miaka. Ethiopian iliundwa Desemba 1945 kwa msaada wa shirika la Marekani TWA, na Aprili 1946 ikapeleka abiria wake wa kwanza Cairo. Haijawahi kufungwa tangu hapo. Huku kwetu tulikuwa na East African Airways, iliyoanza 1946, mali ya pamoja ya nchi zetu. Ilikufa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kenya ikaunda Kenya Airways mwaka huo huo. Uganda ilikuwa imeshaunda ya kwake 1976, ikasafiri kwa taabu, na 2001 ikafungwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo Mganda aliyetaka kwenda mbali alipanda ndege za wengine, mpaka tarehe 28 Agosti 2019 Uganda Airlines mpya iliporuka na abiria wa kwanza kwenda Nairobi.

Watu husema tofauti inatokana na serikali kumiliki. Sikubaliani. Ethiopian ni ya serikali kwa asilimia 100, sawa na Uganda Airlines. Kenya Airways ndiyo yenye wenye hisa wengi: serikali ya Kenya asilimia 48.9, mabenki 38.1, KLM ya Uholanzi 7.8, na waliobaki. Tofauti kubwa iko kwenye umri, idadi ya ndege, na mahali kilipo kitovu, yaani uwanja ambako abiria wa shirika hubadilishia ndege.

Njia

Uganda Airlines inakwenda nukta kwa nukta. Unapanda Entebbe, unashuka unakokwenda. Dubai ni muda wa kama saa tano angani. London, uwanja wa Gatwick, ilianza Mei 2025. Kuna Mumbai, Lagos, Johannesburg, Kinshasa, na majirani kama Nairobi, Juba, Mogadishu, Dar es Salaam na Bujumbura. Kwa mtu ambaye hajawahi kupanda ndege, au mzee anayetembea kwa fimbo, hili ni jambo kubwa: hakuna kutafuta geti kwenye uwanja wa kigeni, hakuna kuvua viatu mara ya pili kwenye ukaguzi. Lakini orodha ya miji inaishia mapema, na baadhi ya njia hazina ndege kila siku. Ukitaka Alhamisi na ndege ni Ijumaa, utangoja Ijumaa.

Ethiopian ni kinyume chake. Wewe uliyewahi kusimama Old Taxi Park, kituo cha matatu cha Kampala, utaielewa haraka. Magari yanaingia kutoka kila upande wakati mmoja, abiria wanashuka, wanachanganyika, wanapanda mengine, kisha yanatoka kwa pamoja. Uwanja wa Bole mjini Addis Ababa unafanya hivyo kwa mawimbi. Jioni ndege kutoka miji ya Afrika zinamiminika, na kuanzia karibu na usiku wa manane zinaondoka kwenda Ulaya, Amerika na Asia. Asubuhi wimbi linageuka: zilizotoka mbali zinatua, na abiria wanasambazwa Afrika nzima. Ndiyo maana Ethiopian inaweza kukufikisha kwenye miji zaidi ya 130 nje ya Ethiopia wakati abiria wa Entebbe hawatoshi kujaza ndege ya kwenda hata kumi ya hiyo. Wewe wa Entebbe unakaa kiti kimoja, wa Lusaka kingine, wa Juba kingine, na ndege ya Guangzhou inajaa.

Gharama ya mfumo huu ni usingizi wako. Utakuwa macho Addis saa ambazo kwenu watu wako ndotoni. Na kuna jambo la jiografia ambalo wengi hawalijui: Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, ndege haiwezi kuruka na mafuta mengi pamoja na mzigo wote, kwa hiyo safari za Marekani zimezoea kutua njiani kuongeza mafuta, Lomé kwa mfano. Usishtuke ukiona hivyo kwenye tiketi.

KQ inatumia mfumo huo huo wa kitovu, kwa kiasi kidogo zaidi, na kitovu chake kiko jirani. Entebbe hadi Nairobi ni zaidi kidogo ya saa moja, na kuna safari kadhaa kwa siku, kwa hiyo unaweza kuchagua saa inayokufaa. Kutoka Nairobi ina ndege ya moja kwa moja hadi New York tangu Oktoba 2018. Ni mwanachama wa SkyTeam, kundi lenye KLM na Air France, hivyo tiketi moja inaweza kukuvusha mpaka miji midogo ya Ulaya. Ethiopian iko Star Alliance, pamoja na Lufthansa na United. Ukitaka kufika mji wa ndani wa Ujerumani au Marekani, angalia kwanza ni kundi lipi lina ndege huko.

Ndege ikikwama

Hapa ndipo ninapomkalisha mteja chini.

Uganda Airlines ina ndege kubwa mbili za Airbus A330-800, na ndogo nne za CRJ900 zenye viti 76. Zile kubwa utazitambua kwa usajili uliopakwa ubavuni: 5X-NIL na 5X-CRN. Chukua karatasi uandike: Dubai, London, Mumbai, Johannesburg, Lagos. Hizo ndizo kazi za ndege mbili. Moja ikiingia karakana kwa ukaguzi, au ikagongwa na ndege mnyama pale Entebbe kando ya ziwa, inabaki moja ya kufanya kazi ya mbili, na ratiba ya wiki nzima inasukumana. Shirika linaweza kukodi ndege pamoja na wafanyakazi wake, lakini kukodi kunachukua muda na pesa. Tena A330-800 zimenunuliwa na mashirika machache sana duniani, Kuwait Airways na Air Greenland wakiwamo, kwa hiyo ya kuazima huipati kirahisi. Na pesa zenyewe ni za bajeti ya serikali: ripoti ya Mkaguzi Mkuu ilionyesha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 200 kwa mwaka wa fedha 2023/24. Siyasemi haya kuivunja moyo ndege yetu. Ethiopian nayo ilianza na ndege chache. Ila abiria lazima ajue anapanda shirika la umri gani.

Ethiopian ina ndege zaidi ya 140, chuo chake cha marubani na mafundi, na karakana inayotengeneza hata ndege za wengine. Ya kwako ikikwama, mara nyingi kuna nyingine ya kuvuta. Udhaifu wake uko kwenye lile wimbi: Bole ikichelewa kwa ukungu au mvua, maelfu wanakosa ndege za kuunganisha kwa usiku mmoja, na foleni ya dawati la transiti inakuwa ndefu.

KQ iko katikati. Ndege zake kubwa ni Boeing 787 tisa. Mwaka 2024 ilipata faida ya shilingi bilioni 5.4 za Kenya, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi ya hasara, kisha 2025 baadhi ya hizo 787 zikakaa chini zikisubiri injini na vipuri, tatizo lililoyapata mashirika mengi duniani. Faida ya KQ kwetu ni ukaribu: ukikwama Nairobi wakati wa kurudi, uko safari moja ya basi la usiku kutoka Kampala, na kitambulisho cha taifa kinatosha mpakani Busia au Malaba. Wateja wangu wamewahi kufanya hivyo wakawahi mazishi.

Kosa moja nililifanya mwenyewe na linaniuma hadi leo. Nilimkatia mdogo wangu tiketi mbili za mashirika mawili tofauti, kila moja peke yake, ili tuokoe dola kama mia hivi. Ndege ya kwanza ilichelewa. Alipofika kwenye uwanja wa kubadilishia, ya pili ilikuwa imefunga mlango, na shirika la pili likamhesabu kama mtu ambaye hakutokea. Alilala kwenye viti usiku mbili, kichwa juu ya begi, mpaka tukamnunulia tiketi mpya. Tiketi ikiwa moja, yenye namba moja ya kumbukumbu, kukufikisha ni jukumu la shirika hata kama ndege ya kwanza imechelewa. Zikiwa mbili, jukumu ni lako. Kwa hiyo ukiuziwa safari ya kuunganisha, muulize wakala: "Namba ya kumbukumbu ni moja?" Akisitasita, simama uondoke.

Mzigo

Yote matatu yanahesabu kwa vipande. Kipande cha kawaida ni kilo 23, na kipande kimoja hakizidi kilo 32 hata ukilipia. Idadi ya vipande inategemea njia na aina ya tiketi, kwa hiyo soma tiketi yako wewe, usisikilize ya jirani. Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi ndiyo iliyonyang'anywa kipande cha pili.

Wiki iliyopita nilimsindikiza shangazi Entebbe. Mbele yetu kaunta kulikuwa na mama aliyepiga magoti sakafuni, sanduku wazi, akihamisha mifuko ya simsim na unga wa muhogo kutoka sanduku moja kwenda jingine huku foleni nzima ikimtazama. Mizani ilisema 27 na 18. Kilo zake zilitosha, lakini alizigawa vibaya. Mizani ndogo ya kuning'iniza inauzwa mjini kwa bei ndogo. Nunua, pima nyumbani.

Na angalia unabeba nini. Nyama na maziwa kutoka huku haviruhusiwi kuingia Uingereza. Nsenene, wale panzi wa kuliwa, zina watu wake: Novemba 2022 abiria mmoja alionekana kwenye video akiziuza ndani ya ndege ya Uganda Airlines ya kwenda Dubai, na shirika likasema linafikiria kuziweka kwenye menyu.

Safari ya moja kwa moja inaupenda mzigo, kwa sababu unaguswa mara mbili tu, kupakia na kupakua. Kwenye kitovu unaguswa mara ya tatu, na ukiunganisha kwa dakika hamsini wewe unaweza kukimbia, sanduku haliwezi. Likikosekana, usitoke ukumbini bila kuandikisha na kupewa namba ya faili. Mkataba wa Montreal wa 1999, wa kimataifa wa usafiri wa ndege, unatoa siku 7 za kudai kwa maandishi mzigo ulioharibika, na siku 21 tangu upokee mzigo uliochelewa. Wanaoleta bidhaa nyingi wasitegemee masanduku: Ethiopian na KQ zina ndege za mizigo tupu, na Uganda Airlines inabeba shehena kwenye tumbo la zile A330. Bei ya kilo kwa shehena ni jambo la kuuliza kabla hujafunga bei na muuzaji wa Deira, kule Dubai.

Pesa yote

Sitaji nauli hapa kwa sababu ya leo si ya kesho. Ninachokuomba ni kuongeza juu ya nauli: kipande cha mzigo cha ziada, faini ya kubadili tarehe, hoteli ya transiti, chakula cha uwanjani, na usafiri wa mwisho. Kwa London, Uganda Airlines inatua Gatwick, kusini mwa mji. KQ na Ethiopian zinafika hasa Heathrow, magharibi. Mwanao akiishi Croydon, Gatwick ni karibu. Akiishi Slough, Heathrow ni mlangoni.

Ethiopian kwa kawaida hutoa hoteli kama usubiri wa Addis ni mrefu na hakuna ndege ya mapema zaidi. Hakikisha inaonekana kwenye tiketi yako kabla hujalipa.

Wanaorudi kutoka Uingereza wana haki ambayo wengi wanaiacha mezani. Sheria ya kule inamlinda abiria wa ndege yoyote inayoondoka kwenye uwanja wa Uingereza, hata ikiwa ya shirika letu. Ukifika ukiwa umechelewa muda wa saa nne au zaidi kwa sababu iliyo mikononi mwa shirika, safari ndefu kama hii inakupa haki ya kudai pauni 520. Hali mbaya ya hewa haihesabiwi. Na kwenda, kutoka Entebbe, sheria hiyo haiyagusi mashirika haya matatu.

Jambo la mwisho la pesa ni saa, nami nimeona watu wakipoteza tiketi nzima. Tiketi ikiandikwa 00:40 tarehe 14, hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa uwe Entebbe jioni ya tarehe 13. Sisi tunaohesabu siku kuanzia alfajiri tunakosea hapa kuliko mahali pengine popote. Mimi huandika kwa kalamu juu ya karatasi ya mteja: "Toka nyumbani Jumanne saa kumi na moja jioni," maana pale Kibuye na Kajjansi foleni haijui una ndege.

Kwa hali yako

Mama au baba mzee anayesafiri peke yake kwenda London au Dubai: mpe ndege ya moja kwa moja ya Uganda Airlines, na uache siku moja au mbili wazi kabla ya tukio lolote. A330 zina viti 28 vya daraja la kati, vyenye nafasi zaidi kwa miguu iliyovimba. Ukiweza kuongeza pesa, vinafaa. Omba kiti cha magurudumu siku ya kukata tiketi.

Una mtihani, visa inayoisha, au mkataba unaosainiwa siku fulani: nenda na shirika lenye ndege nyingi za akiba kwenye njia hiyo. Mara nyingi ni Ethiopian; kwa New York pima pia KQ, inayokwenda moja kwa moja kutoka Nairobi.

Mfanyabiashara wa Dubai anayekwenda mara kwa mara: linganisha Uganda Airlines na nyingine kwa vipande vya mzigo na faini ya kubadili tarehe, kwa sababu wewe tarehe zako hubadilika. Wa Guangzhou, hesabu yako iko Addis na Nairobi.

Unakwenda Afrika Magharibi: Lagos ina ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe. Miji mingine, Ethiopian ina nguvu huko pia kwa sababu ni mbia wa ASKY iliyoko Lomé.

Nairobi kwa siku moja ya kazi: chukua yenye saa inayokufaa, iwe Uganda Airlines au KQ. Kama huna haraka na uko na mzigo mwingi, basi la usiku bado lipo.

Johannesburg au Mumbai: uliza ndege ya moja kwa moja inaruka siku gani, kisha kabla hujafunga sanduku tafuta kadi yako ya homa ya manjano. Watakuuliza. Kadi ikipotea, usingoje siku ya safari kuitafuta.